Bi Mkubwa na Vidonge vya Njano

Shemeji yake alipobisha hodi na mfuko wa machungwa, Mama Kona alikuwa amekaa kwenye kochi, blanketi mabegani, pua imeziba, na hana ugomvi na mtu yeyote duniani. Alikuwa ameshakunywa vidonge vyake vya njano, vile vya mzio, navyo vilikuwa vimeanza kumlegeza. Aliyekwenda kufungua mlango ni mdogo wake, ambaye alikuja kumuuguza, na ambaye mgeni mwenyewe ni mumewe. Shemeji akavua viatu, akaingia, akasema, "Shemeji, pole. Nasikia mafua yamekuangusha." Hapo mwili wa Mama Kona ukafanya mambo ambayo mwenyewe hakuutuma.

Alisimama, blanketi likaanguka. Mkono wa kulia, ule wenye kovu, ukajikunja wenyewe kifuani, moyo ukaenda mbio, na kabla hajajua anaelekea wapi alikuwa jikoni, mlango ameukomea na kuuegemea kwa mgongo. Alimwogopa yule mtu. Hakumchukia wala hakumkasirikia, alimwogopa tu, kwa hofu ya mtu aliyekwisha kushikwa na kitu. Mdogo wake alibembeleza nje ya mlango, shemeji naye akabembeleza, na kila sauti ya shemeji ilipopenya kwenye ufa Mama Kona alizidi kuukandamiza mlango kwa mgongo. Mwishowe yule bwana akavaa viatu vyake akaenda zake.

Asubuhi Mama Kona aliamka mwepesi, akachemsha chai, akayaona machungwa mezani.

"Kumbe shemeji alikuja," alisema. "Mbona hamkuniamsha nimsalimie?"

Mdogo wake aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Dada, unanitania."

Hakuwa anatania. Alikumbuka kochi, alikumbuka blanketi, alikumbuka hodi, na baada ya hapo palikuwa na mvuke mtupu. Alipohadithiwa mambo yake alicheka, maana aliona ni kituko cha mtu mwingine. Kisha akagundua kuwa anacheka peke yake, akanyamaza na kuanza kumenya chungwa asilolitaka.

Sasa wewe msomaji najua umeshaanza kumwazia shemeji mabaya, ndivyo tulivyo. Subiri kwanza nikueleze watu hawa wanafanya kazi gani.

Mama Kona ni jina la kazini. Yuko kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya hoteli na hospitali, na hakuna anayekunja kona za shuka kama yeye, ndiyo maana akaitwa hivyo na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti. Kule ndani, katikati ya mvuke, ipo mashine ya kupigia pasi. Ina rola ndefu za moto. Shuka huingia upande huu limekunjamana na kutokea upande wa pili limenyooka. Ni mashine ya zamani na ina visirani, na hakuna anayeiita mashine. Ni Bi Mkubwa, jina lisilovuka mlango wa dobi. Bi Mkubwa leo ameamka vibaya, Bi Mkubwa ana njaa mlisheni, Bi Mkubwa amenuna mpigieni fundi. Siku moja alikuja mkaguzi wa usalama, akawakuta wanawake wanaulizana kwa sauti kama Bi Mkubwa ameshakufa au bado. Akavua kofia, akawapa pole wafiwa. Walimcheka mpaka mbavu zikawauma, na yule bwana hakuelezwa kosa lake mpaka alipokuwa mlangoni.

Fundi wa Bi Mkubwa ndiye shemeji mwenyewe. Ni mtu wa maneno machache, na hata hayo machache mengi ni ya beringi na grisi. Mama Kona ndiye aliyemkutanisha na mdogo wake, kwa hiyo ndoa ile aliihesabu kuwa kazi ya mikono yake, na aliionea fahari kuliko shuka lolote alilowahi kukunja.

Ajali ilitokea siku walipoletewa sabuni mpya. Unga wa sabuni ile ulimpiga chafya zisizokwisha, akanywa vidonge vya njano, akarudi kumlisha Bi Mkubwa huku kope ni nzito. Pembeni yake alikuwa mwenzake wa siku zote, aitwaye Bi Tena kwa sababu kila unachomweleza anakujibu, "Tena?" Mkono wa ovaroli ukanaswa. Rola zikauvuta mkono wa Mama Kona mpaka karibu na kiwiko. Haya yote anayajua kwa kuambiwa. Yeye mwenyewe anakumbuka sabuni, anakumbuka chafya, halafu anakumbuka kitanda cha hospitali na bandeji. Watu wote walimwambia jambo moja, kwamba shemeji yako ndiye aliyekutoa, mshukuru Mungu. Akamshukuru Mungu, na kwa shemeji akapeleka kuku.

Kilichowashangaza watu ni kwamba alipopona alirudi akasimama mbele ya Bi Mkubwa bila hata kupepesa macho. Aliyekuwa akitetemeka ni Bi Tena.

"Wewe huogopi?"

"Niogope nini, shoga, na mimi sikumbuki kitu?"

"Tena?" alisema Bi Tena, na siku hiyo neno lake lilikuwa mahali pake.

Basi baada ya kisa cha machungwa Mama Kona alitaka jambo liishe. Alimtafuta shemeji kazini akamwomba radhi. Shemeji akasema hakuna neno, mafua huleta mengi. Lakini mdogo wake ni msusi, na msusi akishaona fundo hawezi kuliacha kwenye nywele. Chafya ziliporudi, vidonge vikarudi, naye akaja jioni hiyo na kukaa karibu na dada yake. Aliingoja dawa impande, kisha akamwonyesha picha ya mumewe kwenye simu. Moyo wa Mama Kona ukaenda mbio vile vile, mkono ukajikunja vile vile. "Alikufanya nini, dada?" aliuliza mdogo wake. "Niambie. Ni mimi." Na Mama Kona akamwambia.

Alichosema, mwenyewe hakukijua. Alichokijua ni kwamba asubuhi aliwakuta sebuleni kwake mdogo wake, mtoto wa mdogo wake, na mabegi.

"Sirudi kwa yule mtu," alisema mdogo wake. Macho yalikuwa yamevimba. "Alitaka ufe, dada."

"Nani kasema?"

"Wewe. Kwa mdomo wako."

"Nilisema alitaka nife? Nilisemaje?"

"Usinilazimishe. Maneno yenyewe siwezi hata kuyarudia." Na akamgeukia mtoto kumvalisha soksi, kazi ambayo mtoto alikuwa akiiweza mwenyewe.

Toka hapo Mama Kona alichanganyikiwa, na sitampamba kwa neno zuri zaidi ya hilo. Dobi zima linasema shemeji alimwokoa. Yeye mwenyewe, akiwa na vidonge, anasema alitaka afe. Yeye mwenyewe, bila vidonge, hakumbuki la kwanza wala la pili. Ikiwa watu wote wa kazini wanamficha, wanamficha vizuri kweli, maana wengine kati yao hawawezi kuficha hata umbea wa jana. Na ikiwa hawamfichi, basi ni yeye anayemzulia mtu, tena baba wa mtoto aliyelala sebuleni. Alijaribu kumchunguza shemeji. Alisimama kando ya Bi Mkubwa akamtazama mikono, akamtazama shingo, akamtazama midomo, akangoja hofu ije. Haikuja. Alichokiona ni kwamba nywele za shemeji zimekua ovyo, kwa kuwa anayemnyoa ni mkewe, na shati ni lile la jana.

"Shemeji," yule bwana alimwambia, bisibisi mkononi, "niambie nilichokosea nikirekebishe."

"Kwa sasa hujanikosea kitu."

"Kwa sasa?"

"Ndiyo. Nikinywa dawa ndiyo unakuwa umenikosea."

Shemeji alijikuna kichwa kwa bisibisi. "Basi usinywe dawa," alisema, na kusema kweli fundi yeyote angeanzia hapo.

Lakini ndoa haifanyi kazi kama mashine. Mdogo wake alishasikia alichosikia, na Mama Kona aliona kwamba akinyamaza ameivunja nyumba aliyoijenga mwenyewe, na akimtetea shemeji pengine anamrudisha mdogo wake kitandani kwa muuaji. Alikwenda kwa daktari aliyemtibu mkono. Alikuwa dada kijana mwenye tabia ya kuchora kila anachokieleza, na meza yake imejaa michoro ya maini na mapafu iliyozungushiwa vikombe vya chai.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akachora kichwa cha mtu. "Ubongo haukai katika hali moja," alisema. "Ukiwa macho kabisa una hali yake, ukiwa na usingizi una nyingine, ukiwa na dawa kama hii yako una nyingine. Jambo la kutisha likikupata ndani ya hali fulani, ubongo unaweza kulihifadhi humo humo. Ukitoka kwenye hali ile unalitafuta hulioni. Siku ukirudi, unalikuta limekaa linakungoja."

"Kama ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake."

"Hivyo hivyo."

"Kwa hiyo anayeogopa ni mimi, au ni vidonge?"

"Ni wewe. Vidonge vinafungua sanduku tu."

"Basi ninachokiogopa ni kweli."

Daktari aliweka kalamu chini. "Hofu ni ya kweli, mama. Siwezi kukwambia huogopi wakati unaogopa. Lakini mtu aliyelegezwa na dawa, na mkono wake unaungua, halafu akazimia, hawezi kusikia yote. Anashika kipande, anazimia nacho, na kipande kile kinahifadhiwa kama habari nzima."

"Na mimi nimeshika kipande gani?"

"Hilo mimi sijui. Hata wewe uliyepo hapa mbele yangu hujui. Anayejua ni yule wa ndani ya vidonge."

Mama Kona alitoka akiwa amechoka kuliko alivyoingia. Alikwenda kutafuta jibu, akapewa mtu mwingine wa kumhurumia, na mtu huyo ni yeye mwenyewe. Njia nzima alikuwa akijiuliza yule wa ndani ya vidonge anafanya nini siku ambazo hakuna mafua.

Jumamosi alasiri baba mkubwa alikuja kusikiliza shauri. Ni kaka yake marehemu baba yao, karani wa mahakama aliyestaafu, na kustaafu kwenyewe hakujamwingia vizuri. Aliomba viti vipangwe. Aliweka miwani, akaivua, akaiweka tena. Mke akakaa upande huu, mume upande ule, Mama Kona katikati kwa kuwa ndiye shahidi, ingawa hakuna shahidi aliyewahi kujua machache kuliko yeye. Chai ililetwa, ikapoa.

Mdogo wake alianza. Alieleza kuhusu machungwa, alieleza kuhusu picha kwenye simu, na akamalizia kwamba mumewe alimtakia dada yake kifo na yeye hawezi kuishi na mtu wa namna hiyo.

"Alitaka, alimtakia," baba mkubwa alikatiza. "Kikao hakiwezi kuamua kwa maneno ya juu juu, mwanangu. Dada yako alisema amesikia nini, neno kwa neno?"

Mdogo wake alitazama sakafu. Mama Kona naye alitazama sakafu, maana alikuwa anaogopa, na safari hii aliogopa akiwa na akili zake zote.

"Alisema amemsikia mume wangu anasema," mdogo wake akameza mate, "'Mwacheni afe.'"

Baba mkubwa aligeuza miwani yake polepole kwa mtuhumiwa. Na shemeji, mtu mwaminifu yule, akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo. Nilisema."

Mkewe alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyefinywa.

"Nilisema zaidi ya mara moja," shemeji akaendelea, akiona wanamtazama na akidhani wanataka maelezo zaidi. "Walikuwa hawanisikii. Walishamshika kiuno wanamvuta. Nikawaambia, mwacheni afe kwanza, ndipo tumtoe."

Kikombe cha baba mkubwa kilikosa kisahani. "Mbele yangu," alisema, "mbele ya mke wako, unatamka hivyo?"

"Sasa baba, ningesemaje? Wamvute wakati yuko hai? Si angeng'oa mkono?"

"Nani angeng'oa mkono?"

"Bi Mkubwa."

"Bi Mkubwa?" alisema mkewe, na sasa sauti yake ilikuwa ya hatari nyingine kabisa. "Una mke mkubwa?"

Ilimchukua Mama Kona muda kuisikia, kwa jinsi alivyoizoea. 'Mwacheni afe' ilikuwa sentensi ya kila siku ya kazi. Alishaisema mwenyewe akiwa na shuka begani, alishaisema huku anatafuna, alishaisema bila hata kujisikia akiisema. Ukizima umeme, rola zile huendelea kuzunguka kwa uzito wake, na anayevuta kitu kilichonaswa anakitoa kimechanika. Kwa hiyo unamwacha afe. Unangoja mpaka mtu aseme amekufa, ndipo unazungusha usukani wa pembeni, rola ya juu inainuka, na unatoa kilichonaswa kikiwa kizima. Mgeni yeyote anayeanza kazi kwenye dobi lile hufundishwa neno hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiti, na mahali fulani katikati kicheko kikageuka kilio, na hakuweza kusema kimegeukia wapi. "Mashine," alimwambia baba mkubwa. "Ni mashine, baba. Alikuwa anasema mashine ife."

Alieleza kila kitu, tena na tena, huku anaonyesha kwa mikono rola ya juu na rola ya chini. Baba mkubwa alitaka kujua kwa nini mashine iitwe bibi, na kwa nini wasiseme tu "iacheni izime" kama watu waliosoma. Mdogo wake alikuwa amefunika uso kwa viganja. Shemeji aliwatazama wote mmoja mmoja, bado haelewi, bisibisi ikichungulia kwenye mfuko wa shati.

"Kwani mlidhani nani afe?" aliuliza.

Mkewe alinyanyuka, akamchukulia chai yake iliyopoa, akaenda kuipasha moto, na huko jikoni alikaa muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Mabegi hayakuondoka jioni ile. Mdogo wake alikuwa na aibu, na aibu huchelewa kufungasha. Watu wakaona shauri limekwisha, na baba mkubwa akajipongeza kwa kudai neno kwa neno. Ila Mama Kona, akiosha vikombe, aliona kwamba kuna mtu mmoja hakualikwa kwenye kikao. Yule wa ndani ya vidonge. Yeye bado yuko pale pale, mkono umenaswa, anasikia shemeji yake anaamuru aachwe afe. Hakuna aliyemwambia kwamba ni mashine. Tangu siku ya ajali yuko peke yake na Bi Mkubwa, na kila anapofunguliwa anapiga kelele, na asubuhi anafungiwa tena huku watu wanacheka. Mama Kona alimwonea huruma mpaka akaacha maji yanamwagika.

Alimpigia daktari, akamwambia anataka kunywa vidonge na kurudi mbele ya mashine, ili yule wa ndani asikie mpaka mwisho. Daktari akasema lilikuwa wazo ambalo angelitoa yeye mwenyewe kama angelikuwa na ujasiri, kisha akaweka masharti: dobi liwe limefungwa, Mama Kona akae kwenye kiti mbali na rola, asiache kushikwa mkono, na yeye daktari awepo. "Na ukisema basi, ni basi," alimwambia.

Walikwenda Jumapili. Bila watu, dobi lilikuwa kubwa na lenye mwangwi, mashuka ya kesho yamefungwa mabunda. Mama Kona alimeza vidonge nyumbani, na njiani alikuwa akijikaririsha, anayekufa ni Bi Mkubwa, anayekufa ni Bi Mkubwa. Alitaka kumpelekea yule mwenzake ujumbe. Lakini kadiri kope zilivyolegea, maneno yalibaki mdomoni na maana ikawa inadondoka nyuma yake barabarani. Alipokalishwa kwenye kiti alikuwa anasema "anayekufa, anayekufa," na hakujua tena ni nani.

Mdogo wake alimshika mkono wa kushoto. Bi Tena alisimama upande wa pili. Kulikuwa na harufu ya chuma na sabuni. Kisha akamwona yule mtu amesimama kando ya swichi, na yote yakarudi kwa pamoja. Si kwamba alikumbuka. Alikuwa humo. Mkono wa kulia uliwaka, ukajikunja. Alitaka kukimbia, miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Alimwona daktari, hakujua ni nani. Alijua tu kwamba yule mtu atasema neno, na akishalisema kila kitu kitakwisha.

Bi Mkubwa aliamka. Rola tupu zikazunguka, zikaunguruma, sakafu ikatetemeka hadi kwenye miguu ya kiti. Yule mtu akavuta kamba nyekundu ya kuzimia umeme.

"Mwacheni afe," alisema.

Mama Kona alifumba macho. Hapa ndipo palipokuwa mwisho siku zote, baada ya hapa hapakuwa na kitu. Alingoja kiishe. Mlio uliendelea, lakini ulikuwa umeshuka. Ukashuka tena. Mdogo wake alikuwa anamminya vidole mpaka vinauma, na maumivu yale yalikuwa ya mkono wa kushoto, mkono mwingine kabisa. Mlio ukawa mzito, ukawa wa kukwaruza, ukawa pumzi. Kisha ukanyamaza, naye alikuwa bado yupo, anasikia unyamavu wenyewe.

"Amekufa," alisema yule mtu.

Neno hilo hakuwahi kulisikia. Alifumbua macho. Yule mtu alikuwa anazungusha usukani wa pembeni kwa mikono yote miwili, na rola ya juu inainuka kidogo kidogo, mpaka mwanga wa dirishani ukapita katikati yake na ya chini. Hapakuwa na kitu mle. Mama Kona alitazama mwanga ule, akatazama mkono wake uliokuwa mapajani.

Asubuhi aliamka mwepesi. Sebuleni hapakuwa na mabegi, na soksi moja ya mtoto ilikuwa chini ya kochi. Alikumbuka kuwa walikwenda dobi. Alikumbuka mwangwi, na mabunda ya mashuka. Alijaribu kusonga mbele, akakuta mvuke.

Shemeji alikuwa kazini mapema, amenyolewa, shati safi. Alikuwa anampaka Bi Mkubwa grisi na hakugeuka haraka.

"Shemeji," alisema Mama Kona. "Jana nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu. Ulikaa."

"Nilisema nini, basi?"

Shemeji alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. "Nilipomaliza kuinua rola ulisimama. Daktari alitaka kukuzuia, ukampita. Ukaja mpaka hapa niliposimama. Ukaniambia, 'Mbona umechelewa?'"

"Mimi?"

"Wewe. Halafu ukanipa mkono. Huo wenye kovu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema samahani, nilikuwa namngoja afe." Aligeukia beringi zake, na alipozungumza tena alizungumza nazo. "Nilingoja, shemeji. Huku nakuona. Hakuna siku amechukua muda kufa kama siku ile."

Mama Kona alilitafuta hilo kichwani, la kusimama, la kutoa mkono, hata chembe yake. Hakulipata, na alijua hatalipata. Ni jambo zuri kuliko yote yaliyompata tangu ajali na halikuwekwa kwake, liliwekwa kwa yule mwingine. Hakujua aone wivu au afurahi. Alisimama pale na kovu lake, machozi yanamtoka kwa kitu asichokikumbuka, mpaka Bi Tena alipoita kutoka upande wa pili kwamba Bi Mkubwa ameamka na ana njaa. Akajifuta kwa kiwiko, akakunja mikono ya ovaroli juu kabisa, akachukua kona ya shuka la kwanza.